Kulala Kiponda: uliza paa kabla ya kitanda

Vyumba vya Mji Mkongwe wa Zanzibar ni vyembamba, na sababu yake ni boriti. Sakafu na dari za nyumba zile zimebebwa na miti ya mikoko, na mti wa mkoko haubebi mzigo wa mawe na chokaa kwa usalama ukivuka nafasi inayozidi kiasi cha mita tatu. Kwa hiyo fundi, hata alipomjengea tajiri wa karafuu, aliweza kukirefusha chumba apendavyo lakini si kukipanua. Chumba tulicholala mimi na mama, mtaa wa Kiponda, kilikuwa hivyo hasa. Vitanda viwili vya besera vimefuatana ukutani, na ubavuni mwake imebaki njia ambayo watu wawili hupishana kwa kugeuza mabega. Kwa urefu, kingeingia kitanda cha tatu na meza ya chakula.

Mambo ya kuta nimeyarithi. Marehemu baba alikuwa fundi wa lipu Tanga, na nilipokuwa mdogo alikuwa akinichukua kwenye kazi zake Ngamiani na Chumbageni, hasa zile nyumba kuukuu ambazo mafundi wengine walizikwepa. Alinifundisha nikiingia nyumba nitazame mahali pawili: ukuta unapokutana na ardhi, na ukuta unapokutana na paa. Katikati, alisema, kila mtu anaweza kupaka rangi.

Nimeyachukua maneno hayo hadi kwenye kuchagua hoteli. Mtanzania wa kipato cha kawaida anayetaka kuuona Mji Mkongwe hana haja ya kwenda asubuhi na kurudi jioni, wala hana haja ya kulipa fedha za hoteli kubwa za ufukweni. Zipo hoteli ndogo ndani ya nyumba za kale, zenye vyumba vinane, kumi, kumi na viwili, kila chumba na sura yake, mwenyewe yupo mlangoni, na bei inavumilika. Nazipenda mno hoteli hizi na ningependa watu wetu wengi zaidi walale ndani yake. Ila zichaguliwe kwa nyumba, si kwa picha ya kitanda. Picha ya kitanda hupigwa siku moja, lakini paa hutunzwa mwaka mzima.

Tulitoka Tanga kwa basi hadi Dar es Salaam, kisha boti ya mwendo kasi, safari ya kama saa mbili. Ukishuka bandarini Malindi, papasi watakuzunguka wakikutajia hoteli na teksi. Ni vijana wanaotafuta riziki, na ukiwajibu kwa salamu na neno moja la "nimeshapata" wanakuacha kwa amani. Gari haliendi mbali. Ndani ya Mji Mkongwe vichochoro vingi haviruhusu gari, kwa hiyo mzigo hubebwa begani au kwenye mkokoteni. Sisi tulikubaliana na hamali mmoja mtu mzima, akatangulia na masanduku yetu, akituonyesha njia kwa misikiti: huu mnauacha kulia, ule mnaupita, mkifika wa tatu mmefika.

Mwenye hoteli alikuwa amesimama kizingitini, mwanamke wa rika la mama, kajifunga kanga juu ya dera.

"Karibuni, karibuni ndani. Dada yangu, safari imekuchosha, kaa hapa kwanza. Ngazi zetu kali, hatuzipandi kwa haraka."

Mama akakaa kwenye baraza ya ndani, akapewa juisi ya bungo, na kabla hajaimaliza walikuwa wamekwisha kutafutana ukoo hadi Pangani. Mimi nilikuwa nimeinama nikitazama chini ya ukuta.

Ulikuwa ukuta mzuri. Nieleze ninavyomaanisha, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha jambo. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyochimbwa kisiwani, yakashikanishwa kwa udongo na chokaa, nayo chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayohayo juu ya rundo la magogo. Kuta ni nene, nusu mita na kuzidi. Jiwe la namna hiyo lina vitundu vingi, hunywa unyevu wa ardhi na wa hewa ya bahari, kisha huuachia jua likitoka. Lipu ya chokaa inauruhusu unyevu utoke. Saruji haiuruhusu. Mtu akiona ukuta wake wa kale umebanduka chini akaukandika saruji, maji yaliyokuwa yakitokea pale yatapanda juu ndani ya ukuta na kutafuta njia nyingine, yakibeba chumvi. Chumvi ikikauka huivimbisha lipu ya juu mpaka inaanguka vipande. Halafu mwenye nyumba anaongeza saruji tena. Baba aliita kazi hiyo kumpa mgonjwa blanketi la mvua.

Rangi ya mafuta hufanya vivyo hivyo, tena inadanganya zaidi kwa sababu inang'aa. Ukiingia hoteli ukakuta ukuta unang'aa, uguse kwa kiganja chini, usawa wa goti. Ukihisi malengelenge, au unga mweupe ukabaki mkononi, jua nyumba hiyo inaugua chini ya vipodozi. Ukuta wa Kiponda ulikuwa umepakwa chokaa nyeupe, iliyofifia kidogo, inayoacha alama nyepesi kwenye bega la nguo. Mama alilalamikia alama hiyo. Mimi ilinifurahisha kuliko kitu kingine chochote nilichokiona siku ile.

Nyumba yenyewe ilijengwa na mfanyabiashara wa Kihindi aliyeuza vitambaa. Hilo unalisoma kwenye umbo lake hata kabla hujaambiwa. Nyumba za matajiri wa Kiomani hufunga uso wake kwa nje, kuta tupu na mlango mmoja mkubwa, na maisha yote huzunguka ua wa ndani. Nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi zimesimama barabarani na duka mbele, familia nyuma na ghorofani, roshani ya mbao ikichungulia wateja. Kiponda, Hurumzi na Sokomuhogo zimejaa nyumba za aina hiyo. Sasa lile duka ndiyo sehemu ya mapokezi, na milango yake ya kukunja bado inafanya kazi. Babu wa mwenye hoteli aliinunua nyumba kabla ya Mapinduzi, na familia ikabaki ndani yake wakati majirani wengi walipoondoka.

Yaliyozipata nyumba nyingine ni vizuri kuyajua. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 matajiri wengi walihama au walihamishwa, na nyumba nyingi zikachukuliwa na serikali. Familia kutoka Ng'ambo, upande wa pili wa mji, na kutoka mashamba ziliingizwa, wakati mwingine familia kadhaa katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya moja. Watu walipata pa kulala, jambo ambalo kwa wengi wao lilikuwa kubwa na la haki. Lakini kodi ilikuwa ndogo mno, na nyumba ya chokaa haivumilii kusahauliwa. Bati moja likitoboka juu, maji hufika kwenye ncha ya boriti iliyozikwa ukutani, ncha inaoza, sakafu inalegea, na ukuta uliokuwa umefungwa na sakafu hiyo unaanza kuinama kuelekea kichochoroni. Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kupambana na hali hiyo. Katika miaka ya 1990 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulisaidia kutayarisha mpango wa hifadhi, na mwaka 2000 UNESCO iliuandika mji kwenye orodha ya urithi wa dunia. Majengo ni takribani 1,700. Serikali peke yake haiwezi kupanda juu ya mapaa 1,700 kila baada ya mvua.

Hapo ndipo hoteli ndogo zinapoingia. Tangu milango ya utalii ilipofunguliwa miaka ya 1980, baadhi ya wenye nyumba na wawekezaji waligundua kwamba nyumba kuukuu inaweza kujilisha yenyewe. Miongoni mwa waliotangulia alikuwa Mmarekani Emerson Skeen, aliyefariki mwaka 2014, ambaye alijaza vitanda vya zamani, taa na vioo vya rangi kwenye nyumba zilizokuwa karibu kuanguka, akaweka mkahawa juu ya paa. Hoteli za mkono wake si za bei ya kina sisi. Lakini namna yake ilionwa, na wenyeji wenye mfuko mdogo wakaifuata kwa walivyokuwa navyo.

Na walivyokuwa navyo ni vizuri. Katika chumba chetu hakukuwa na kitu hata kimoja kilichonunuliwa ili kipendeze. Vitanda vilikuwa vya bibi wa mwenye nyumba, miguu imekerezwa, kichwani vimewekwa vioo vilivyochorwa maua, na juu chandarua kinaning'inia kwenye besera bila kugusa uso wa mlalaji. Ukutani kulikuwa na vidaka, vile vishimo vya kuwekea vitu ambavyo nyumba za pwani huwa navyo, na kimojawapo kimewekwa taa, kingine msahafu, kingine glasi za maji. Sakafu nyekundu iliyosuguliwa mpaka ikawa laini. Mkeka wa ukindu. Kanga moja ya zamani sana imewekwa ndani ya fremu, maandishi yake yamefifia yasisomeke. Sinia la shaba limegeuzwa kuwa meza. Bafu lilikuwa dogo, limechongwa kwenye pembe iliyokuwa stoo, na maji ya moto yalikuja baada ya kusubiri. Televisheni haikuwepo. Mama aliiulizia usiku wa kwanza, akaisahau.

Bei yetu ilikuwa Sh90,000 kwa usiku, watu wawili, pamoja na chai ya asubuhi. Sikulipa bei iliyotundikwa kwenye mtandao kwa dola. Nilipiga simu, nikauliza bei ya wakaazi, nikapewa. Hili Watanzania wengi hawalifanyi, ama kwa aibu ama kwa kudhani hoteli hizi ni za wageni kutoka nje tu. Hoteli nyingi ndogo zina bei mbili, na ya pili lazima uiulize. Ukipiga simu mwenyewe, hoteli pia haimkatii wakala fungu lake, kwa hiyo mwenye nyumba ana sababu ya kukupunguzia.

Kuhusu chumba cha kuchukua, shauri langu ni ghorofa ya katikati. Chini pana unyevu, na maduka ya jirani hufunguliwa mapema. Juu kabisa ni chini ya bati, na Januari, kaskazi ikiwa imetulia mchana, huko ni joto la kupikia. Mapaa ya mwanzo yalikuwa bapa, ya chokaa iliyopondwa kwa vipande vya miti, watu wakipiga kwa mdundo mmoja mpaka ishikane. Mvua za Unguja ziliwashinda wengi, na tangu karne ya 19 bati lilianza kuwekwa juu yake. Ghorofa ya katikati imekingwa na unyevu wa chini na joto la juu. Unene wa ukuta unachelewesha jua kuingia, dari iko juu sana, kichochoro chembamba kinautilia kivuli, na hewa ya moto inapanda na kutokea kwenye uwazi wa ua. Sisi tulilala na feni tu. Mwenye nyumba alinisimulia kuwa kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, Unguja ilipokaa miezi mitatu bila umeme wa kutoka bara, kuna wageni waliohamia kwake kutoka hoteli mpya za saruji kwa sababu jenereta za huko zilizidiwa, na ndani ya nyumba yake bado palilalika.

Mwenye magoti mabovu aombe chumba cha ghorofa ya kwanza, na aombe mapema. Ngazi za nyumba hizi zimejengwa kwa ajili ya kuokoa nafasi, ni za kusimama, na kamba imefungwa ubavuni badala ya reli. Mama alizitumia mara mbili kwa siku, asubuhi kushuka na usiku kupanda, na katikati, muda mwingi, alikaa barazani chini akipiga soga. Aliuona mji mzima akiwa pale. Mji wenyewe ulipita mbele yake.

Kelele zipo, na anayetaka kimya atafute mahali pengine. Kiponda inaamka na adhana ya alfajiri, si moja bali kadhaa, zikiachana kwa pumzi chache. Baadaye kidogo zinakuja vespa, anapita muuza mkate wa ajemi, wanapita watoto wa chuoni na wa skuli, mabuibui na mitandio meupe. Baskeli hupiga kengele kila pembe kwa sababu hakuna anayeona upande wa pili. Mandiri ya Kihindu ya Hurumzi haiko mbali, na jioni husikika kengele zake. Juu ya paa la hoteli, mahali pa kunywea chai, macho yanafika kwenye Kanisa la Minara Miwili la Wakatoliki lililojengwa miaka ya 1890, na upande wa bandari kwenye Msikiti Mnara wa Malindi, ambao mnara wake una umbo la pia, jambo lisilo la kawaida Afrika Mashariki. Ukigeuka kusini kidogo linaonekana kanisa la Mkunazini, lililojengwa na Askofu Edward Steere mahali palipokuwa soko la watumwa hadi 1873. Nilimpeleka mama huko. Ndani ya jengo la jirani kuna vyumba vya chini vinavyoonyeshwa wageni, vyenye dari ya chini kiasi kwamba huwezi kusimama wima. Mama alitoka nje, akakaa kwenye kivuli, na hakutaka kuzungumza hadi tulipofika Darajani. Mji huu ulijengeka pia kwa fedha za biashara ya watumwa. Anayeusifia uzuri wa milango yake iliyochongwa na apitie Mkunazini.

Darajani ndiko tulikonunua vitu vya kuchukua nyumbani, kwa sababu bei za viungo pale ni za wenyeji. Jengo la soko ni la mwaka 1904, na nyuma yake mnada wa samaki asubuhi ni jambo la kuona hata kama hununui. Kula tulikula nje. Urojo wa mchana kwenye bakuli la plastiki, na badia, kachori, kiazi na mchuzi wa embe uliochachuka sawasawa. Usiku Forodhani, ambako bustani ilifunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati. Wapishi wa pale wana maneno mengi, na nadhani mishikaki bora haipo Forodhani bali vichochoroni, kwa kina mama wanaochoma mbele ya milango yao baada ya Isha. Tulikula kwa mmoja wao jirani na hoteli, na siku ya pili alimjua mama kwa jina.

Ujirani huo ndio unaonifanya nizitetee hoteli ndogo za namna hii, na pia ndio unaonitia wasiwasi. Mkate wetu wa asubuhi uliokwa nyumba ya tatu. Mashuka yalioshwa kwa dobi wa Kajificheni. Mbaazi za nazi zilipikwa na binamu wa mwenye nyumba, na vitumbua vilinunuliwa kwa mwanamke anayekaa kona ya msikiti. Hamali alipata chake na fundi hupata chake. Fedha ya chumba kimoja iligawanyika mtaani kabla jua halijawaka vizuri. Lakini nyumba inayogeuzwa hoteli ni nyumba ambayo familia haikai tena. Zikizidi katika mtaa mmoja, mwanamke wa vitumbua atahamia Ng'ambo au Mwanakwerekwe, shule ya Kurani itapungukiwa watoto, na baraza zitakaliwa na wageni wanaopiga picha baraza tupu. Mwenye hoteli wetu alilisema wazi.

"Mwanangu, mtaa huu zamani usiku ungesikia vikohozi vya watu. Sasa nyumba ile pale ya kupangisha wageni, ile pale vilevile, wenyewe hawapo, funguo kwenye kisanduku. Ukiumwa usiku unamgongea nani?"

Kwa hiyo ukichagua, muulize unayempigia simu: mwenye nyumba anaishi humo au mtaani? Jibu la swali hilo lina thamani kuliko nyota za hoteli. Anayeishi ndani ya nyumba anasikia tone la kwanza likianguka. Anajua boriti gani imeanza kulia. Ana haya mbele ya majirani zake, na haya hiyo humfanya asipige muziki hadi usiku wa manane wala kutupa maji machafu kichochoroni.

Swali la pili ni paa. Nilimwuliza mwenye nyumba wetu lini mara ya mwisho fundi alipanda juu, akacheka kwa furaha kwamba kuna mgeni aliyeuliza. Akanipeleka mwenyewe, ghorofa zote, hadi chini ya bati. Bati lilikuwa na viraka, mifereji ilikuwa safi, na pembeni zimelazwa boriti mpya tatu, moja ikisubiri kuchukua nafasi ya nyingine iliyoanza kuoza juu ya chumba cha nyuma. Kazi hiyo inahitaji kibali cha Mamlaka, fundi anayejua kuitegemeza sakafu wakati boriti inatolewa, na chokaa iliyolowekwa muda mrefu kabla ya kutumika. Chokaa ya haraka hupasuka. Alinionyesha pipa lake, chokaa imetulia chini ya maji, laini kama siagi. Baba angekaa na pipa lile mchana kutwa.

Asiyeamini kwamba paa ni jambo kubwa akumbuke Beit al-Ajaib. Jumba hilo lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, kubwa kupita yote mjini, lenye nguzo za chuma na saa mnarani, liliporomoka sehemu ya mbele tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katikati ya ukarabati. Watu wawili walipoteza maisha. Tulipita mbele yake na mama, yeye akakumbuka alivyoliona alipokuwa msichana, alipokuja na kwaya ya shule. Kama jumba la kifalme lililoangaliwa na wengi limeweza kuanguka, nyumba ya mfanyabiashara wa vitambaa iliyo kichochoroni inahitaji mtu wa kuiangalia kila wiki, na mtu huyo lazima ale.

Mambo mengine nitayataja kwa haraka. Vaa nguo za heshima ukitoka chumbani, kwa sababu hapa ni mtaani kwa watu. Usimpige mtu picha bila ruhusa, na ukipita mbele ya baraza toa salamu. Mwezi wa Ramadhani sehemu nyingi za chakula hufungwa mchana, na usiku mji unachangamka kuliko wakati wowote, kwa hiyo anayeuweza mwendo huo aende. Februari kuna tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 na linalojulikana zaidi kwa maonyesho ya Ngome Kongwe, na wakati huo vyumba hujaa na bei hupanda. Beba tochi ndogo, maana vichochoro ni vya giza umeme ukikatika. Kupotea njia hakuna madhara. Uliza mzee yeyote, atakupeleka kwa mguu wake.

Haya yote yanamhusu pia anayekwenda Lamu, mji ulioandikwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001, ambako nyumba ni za mawe na boriti vilevile, vidaka vimechongwa kwa ustadi zaidi, na punda ndio wabeba mizigo. Yanamhusu anayelala Mji wa Kale wa Mombasa. Natamani siku moja yamhusu anayekuja kwetu Tanga, au Pangani, ambako nyumba kuukuu nzuri zinaanguka mbele ya macho yetu na simjui hata mmoja aliyeamua kuweka vitanda vinane ndani ya mojawapo.

Wakati mzuri wa kwenda, kwa mujibu wa vitabu vya watalii, ni Juni hadi Oktoba, kusi inapovuma, au Desemba hadi Februari. Mimi nimeshapanga kurudi masika, kati ya Machi na Mei. Hoteli kadhaa hufunga milango msimu huo, na zinazobaki hushusha bei. Mvua ikishika ndipo utajua ni nyumba gani imetunzwa, kwa kusikiliza tu usiku ukiwa kitandani. Mwenye nyumba wetu hafungi. Fundi wake hupanda juu kila mvua inapokatika, ile boriti ya chumba cha nyuma itakuwa imekwisha kubadilishwa, na chumba chetu ameniahidi kwa Sh65,000.